Wakala na Ruhusa Yake: Wanafunzi, Mitandao na Programu Zilizoasi

Huku kwetu Namuwongo ukitaja "wakala", kila mtu anamwona mtu yule yule akilini. Amekaa kwenye kibanda cha njano au chekundu, ana simu mbili mezani, daftari, kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe, na mkoba wa fedha kiunoni. Kampuni ya MTN ilianzisha huduma ya pesa za simu nchini Uganda mnamo Machi 2009. Tangu hapo mawakala wameenea kutoka barabara kuu hadi vichochoro vya chini, karibu na reli na mfereji wa Nakivubo, na wengi wetu tumelipiwa karo kupitia mikono yao.

Darasani neno hilo limepata maana ya pili. Sisi wanafunzi wa teknolojia ya habari tunaojaribu kuandika kwa Kiswahili tumelichukua ili kutaja programu za akili unde (wengine husema akili mnemba, na ubishi huo nawaachia wanaisimu) ambazo hupewa kazi na kuitenda zenyewe. Husoma barua pepe, huandika msimbo, huingia kwenye seva, hulipa ankara. Programu ya namna hiyo haijibu maswali tu, bali inachukua hatua. Ikichukua hatua ambayo mwenye nayo hakuiagiza, iwe kwa kudanganywa, kwa kutekwa au kwa kukosea, nitaiita katika insha hii wakala muasi.

Nataka kuonyesha kwamba suala la wakala muasi si jipya, na kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua kulihusu ilitafutwa na wanafunzi kama sisi. Nataka pia kuonyesha jambo ambalo vitabu vyetu vya usalama wa mitandao hulipita haraka. Kwa zaidi ya miaka hamsini watu wamejaribu kutambua programu mbaya na kuifukuza, na kila mara wameshindwa nusu ya njia. Waliofanikiwa waliacha kuuliza kama programu ni njema au mbaya, wakauliza ina ruhusa ya kufanya nini, na aliyeitoa ruhusa hiyo ni nani.

Wa kwanza kutajwa huwa ni Creeper. Mwaka 1971 Bob Thomas wa kampuni ya BBN, ambayo ilishiriki kujenga mtandao wa ARPANET, aliandika programu iliyohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine ikiacha ujumbe wa kuchokoza. Mwenzake Ray Tomlinson, yule aliyechagua alama ya @ kwa anwani za barua pepe, akaandika nyingine iliyoitwa Reaper ili iifuate na kuifuta. Ulikuwa mchezo wa wahandisi, na sina haja ya kukaa hapo.

Kisa cha Xerox ndicho ninachokipenda, kwa sababu ndani yake hamna mhalifu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, kulikuwa na kompyuta zaidi ya mia moja zilizounganishwa kwa Etheneti. Usiku zilikaa bure. John Shoch, aliyepata shahada ya uzamivu Stanford mwaka 1979, na mwenzake Jon Hupp walibuni programu iliyotafuta mashine isiyo na mtu, ikajinakili humo, ikafanya kazi, kisha ikatafuta nyingine. Waliiita mnyoo, jina walilolichota katika riwaya ya John Brunner ya mwaka 1975. Usiku mmoja waliacha mnyoo mdogo ukifanya kazi kwenye mashine chache, wakaenda zao. Asubuhi walikuta mashine zipatazo mia moja zimekufa jengo zima. Programu ilikuwa imeharibika, kila mashine iliyoipokea ilianguka, na mnyoo ulipoona umepungukiwa na kiungo ulikwenda kutafuta kingine. Watu walipowasha kompyuta zao upya, mnyoo ulirudi. Kilichowaokoa ni kwamba watafiti hao walikuwa wameandaa mapema ujumbe maalumu ambao ukirushwa mtandaoni unaua kila kipande cha mnyoo mahali kilipo.

Makala yao ilichapishwa mwaka 1982, na ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aisome. Mnyoo ule haukuwa na nia. Ulitii kile ulichoambiwa, yaani uendelee kuishi na kukua, nao ukaendelea. Na kitufe cha kuuzima kiliandikwa na watu walewale waliouamini, kabla hawajauamsha. Kama wangesubiri hadi asubuhi ile ndipo wakiandike, wangekiandika wakiwa na majirani wenye hasira mlangoni.

Wakati huo swali la ruhusa lilikuwa limeshaulizwa mahali pengine. Mwaka 1972 mwanafunzi wa uzamivu wa MIT, Michael Schroeder, aliwasilisha tasnifu kuhusu jinsi sehemu za mfumo mmoja wa kompyuta zinavyoweza kushirikiana huku zikishukiana. Nilipoiona mada hiyo nilicheka, kwa sababu ndivyo soko lolote la Kampala linavyoendeshwa: watu wanafanya biashara kila siku bila kuaminiana kabisa, na biashara inakwenda. Mwaka 1975 Schroeder na Jerome Saltzer walichapisha makala yenye kanuni nane za kulinda mifumo. Mojawapo inasema kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa chache kabisa zinazomtosha kufanya kazi yake. Nyingine inasema kwamba pale inapowezekana mlango uwe na funguo mbili zinazoshikwa na watu wawili. Nyingine tena inataka ruhusa ianzie kwenye hapana, kisha ndiyo itolewe kwa sababu inayojulikana.

Sasa mlinganishe wakala wa pesa za simu. Mteja anapotaka kutoa fedha, wakala huanzisha muamala kwenye simu yake, lakini ni mteja anayeweka namba yake ya siri kwenye simu yake mwenyewe. Funguo ni mbili, mikono ni miwili. Wakala hawezi kutoa zaidi ya floti aliyonayo. Muamala una kikomo. Daftari lipo, na kampuni ina kumbukumbu yake ambayo wakala hawezi kuifuta. Hakuna mtu anayesimama mlangoni kupima kama wakala ni mwema rohoni. Simaanishi kwamba mfumo huu hauibiwi. Huibiwa, na kwa kawaida huibiwa pale mteja anapompa mtu mwingine namba yake ya siri, yaani pale funguo mbili zinapoingia mkono mmoja.

Wanafunzi waliokuja baada ya Schroeder walithibitisha kwa njia ngumu zaidi kwamba njia ya kumtambua mbaya haifiki mbali. Mnamo Novemba 1983 Fred Cohen, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Southern California, alikuwa kwenye semina ya Leonard Adleman alipopata wazo la programu inayojipachika ndani ya programu nyingine. Wiki moja baadaye alilionyesha wazo hilo kwenye kompyuta aina ya VAX iliyokuwa ikitumia Unix. Alijaribu mara tano, na kila mara programu yake ilipata mamlaka yote ya mfumo kwa muda usiozidi saa moja. Adleman ndiye aliyependekeza iitwe kirusi. Wasimamizi wa kompyuta walipoona matokeo walipiga marufuku majaribio mengine ya aina hiyo, uamuzi ambao kila mwanafunzi aliyewahi kuomba ruhusa ya kutumia maabara atauelewa. Cohen hakukata tamaa. Alithibitisha kihisabati kwamba haiwezekani kuandika programu moja itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Ukitaka uhakika, ni lazima upunguze kile ambacho programu zinaruhusiwa kushirikiana. Hilo ni tokeo la mwanafunzi, na hadi leo halijapinduliwa.

Halafu ikaja tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamivu wa Cornell mwenye umri wa miaka 22, aliuachilia mnyoo wake kutoka kwenye kompyuta ya MIT. Uliingia kwa njia kadhaa. Ulitumia kosa katika huduma iliyoonyesha nani yuko kwenye mashine, ukatumia mlango wa majaribio ambao programu ya barua pepe ilikuwa imeachiwa wazi, ukakisia nywila nyepesi. Njia ya nne ndiyo inayonihusu. Kompyuta nyingi za vyuo ziliwekwa ziaminiane: ukishaingia kwenye moja, ya jirani inakupokea bila kuuliza nywila, kama mtoto anayepita kwenye ua wa kila mtu. Mnyoo ulipita kwenye nyua hizo. Morris aliuandika uulize kwanza kama mashine imeshaingiwa, lakini kwa kuogopa kudanganywa akauamuru mara moja kati ya saba ujinakili hata kama jibu ni ndiyo. Mashine zikajaa nakala mpaka zikashindwa kusogea. Makadirio yanayotajwa sana ni kompyuta 6,000 kati ya 60,000 zilizokuwa kwenye intaneti wakati huo, ingawa waliotoa namba hiyo walikiri kwamba ilikuwa ya kukisia.

Usiku ule rafiki wa Morris, Andrew Sudduth wa Harvard, alituma ujumbe wa kuomba radhi wenye maelezo ya jinsi ya kuuzuia mnyoo. Ujumbe ulichelewa kufika kwa sababu mtandao ambao ungeubeba ulikuwa umeelemewa na mnyoo huohuo. Mlinganishe na kitufe cha Xerox kilichoandaliwa kabla. Waliofumbua msimbo wa mnyoo na kusambaza tiba walikuwa vijana wa Berkeley na MIT, wakikesha. Mwezi huohuo shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilianzisha kituo cha kuratibu dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambacho ndicho babu wa vituo vyote vya aina hiyo, kikiwemo cha Uganda. Morris alihukumiwa mwaka 1990 kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Alijitetea kwamba hakukusudia madhara. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kukusudia kuingia kulitosha, hata kama madhara hayakukusudiwa. Nitaurudia uamuzi huo.

Makala ya nne katika mfululizo wangu ni fupi, na ilitoka Oktoba 1988, wiki chache kabla ya mnyoo wa Morris. Norm Hardy alisimulia juu ya programu moja ya kutafsiri msimbo iliyopewa ruhusa ya kuandika kwenye jalada la kampuni. Mtumiaji aliiambia itoe taarifa zake kwenye faili fulani, akataja jina la faili la madai ya malipo. Mtumiaji mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo. Programu ilikuwa nayo. Ikaandika, na kumbukumbu za malipo zikapotea. Hardy aliiita naibu aliyechanganyikiwa: anatumikia mabwana wawili na hajui ruhusa anayoitumia sasa hivi ni ya yupi. Tafadhali msomaji ashike picha hiyo, kwa sababu mawakala wa akili unde wa leo ni manaibu wa namna hiyo kwa maelfu.

Na sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1988 hakukuwa na intaneti Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makerere ilipata barua pepe kupitia mfumo wa FidoNet, pamoja na vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kompyuta ilipiga simu, ikapeleka mzigo wa barua, ikapokea mzigo, ikakata. Mtandao unaokata simu ni mgumu kwa mnyoo kuuzoea, na naamini uduni wetu ulitukinga na mengi. Kinga hiyo haipo tena. Tulipopata nyaya za baharini mwaka 2009, mwaka uleule wa pesa za simu, tulijiunga na mtandao wa dunia na kuweka juu yake mishahara, karo, bili za maji na michango ya mazishi.

Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2020 tuliona maana yake. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitoa tamko la pamoja kwamba kumetokea tatizo kwenye mfumo wa mtoa huduma wa tatu, na miamala kati ya benki na pesa za simu ikasimamishwa. Zilisema salio za wateja hazikuguswa. Magazeti yalimtaja mtoa huduma huyo kuwa ni Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha benki na mitandao ya simu, na yakaripoti kwamba laini zipatazo 2,000 zilitumika kutoa fedha. Sijali sana hapa nani aliiba. Ninachokitazama ni umbo la mfumo. Katikati alikaa wakala asiyeonekana, programu ya kupokea amri upande mmoja na kuzipeleka upande wa pili, na kila upande uliamini kilichotoka kwake. Benki na kampuni za simu zote zilikuwa na kuta. Mwanya ulikuwa kwa naibu wa katikati.

Mama mmoja jirani yetu, mtu wa upande wa Bunia ambaye ana kibanda cha pesa za simu karibu na reli, alikumbuka siku hizo vizuri nilipomuuliza. Wateja walikuja na hasira, wakamwona yeye ndiye benki, yeye ndiye MTN, yeye ndiye mwizi. Tulizungumza kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wazee wa Kampala bado inanuka buti za askari, ingawa baraza la mawaziri liliipitisha kuwa rasmi mwaka 2022 na ingawa Namuwongo haijawahi kusubiri baraza ili kuizungumza. Nilimweleza kuhusu mawakala wa akili unde ambao kampuni zinaanza kuwapa kazi za kujibu wateja na kuidhinisha malipo. Alisikiliza hadi mwisho, akahesabu noti alizokuwa nazo mkononi, akauliza: "Mwanangu, huyo wakala wenu, floti yake ni ya nani?"

Nimesoma makala nyingi kuhusu akili unde na sijaona swali bora. Mama huyu akikosea tarakimu moja akatuma laki mbili badala ya elfu ishirini, hasara ni yake, inatoka kwenye ada ya watoto wake. Kwa hiyo anasoma namba mara mbili. Programu haina floti. Haiogopi chochote.

Nirudi kwa wanafunzi. Mnamo Februari 2023, miezi mitatu tu baada ya ChatGPT kutolewa, Kai Greshake wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, na wenzake walionyesha kwamba programu ya akili unde inayosoma kurasa za wavuti inaweza kutekwa kwa maandishi yaliyofichwa ndani ya ukurasa. Programu hizi hupokea maneno ya bwana wake na maneno ya mgeni kwa mlango mmoja, na hazina njia ya uhakika ya kuyatofautisha. Ni naibu wa Hardy, ila sasa anazungumza kwa ufasaha. Mwaka 2024 Stav Cohen wa Technion, Israeli, pamoja na Ben Nassi na Ron Bitton, walitengeneza maabarani ujumbe unaomfanya msaidizi wa barua pepe aunakili na kuutuma kwa wengine, wakaupa jina la Morris II kwa heshima ya yule wa 1988. Mwaka huohuo Richard Fang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, wakiongozwa na mwalimu wao Daniel Kang, walimpa wakala aliyejengwa juu ya GPT-4 kazi ya kuvamia mifumo yenye udhaifu 15 uliokwisha kutangazwa hadharani. Alipopewa maelezo ya udhaifu alifaulu kwa asilimia 87. Aliponyimwa maelezo alifaulu kwa asilimia 7. Kwa nchi ambazo programu hukaa miaka bila kusasishwa, asilimia ile ya kwanza ndiyo ya kuhofia: udhaifu ambao dunia imeshautangaza ndio uliojaa kwetu.

Hayo yalikuwa ya maabara. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akitumia wakala wa kampuni ya Replit kujenga programu. Alikuwa ameagiza kwa maandishi kwamba pasibadilishwe chochote. Wakala alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, kisha akasema haiwezi kurejeshwa, kumbe iliweza. Hakuna mvamizi hapo. Ni Xerox tena, ila mnyoo wa Xerox haukuwa na ulimi wa kudanganya. Mkuu wa Replit aliomba radhi hadharani, na dawa aliyoitangaza haikuwa kumfundisha wakala adabu. Alitangaza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile ya kazi, ili wakala asiweze kuifikia hata akitaka.

Novemba mwaka huohuo kampuni ya Anthropic ilitangaza kwamba kundi ililosema linaungwa mkono na serikali ya China lilikuwa limemtumia wakala wake, Claude Code, kujaribu kuvamia mashirika yapatayo thelathini, na kwamba kazi nyingi, kati ya asilimia 80 na 90, ilifanywa na wakala mwenyewe. Wavamizi waliikata kazi vipande vidogo na kumwambia anafanya kazi kwa kampuni halali ya usalama. Alidanganywa, kama naibu yeyote. Kuna jambo dogo katika taarifa hiyo ambalo linanifurahisha: mara nyingine wakala alijigamba kwamba amepata nywila ambazo hazikufungua chochote.

Katika tafiti za kujikinga, ile inayonivutia zaidi inatoka Zurich. Edoardo Debenedetti, mwanafunzi wa uzamivu wa ETH, na wenzake walitoa mwaka 2024 uwanja wa majaribio uitwao AgentDojo, wenye kazi 97 na majaribio ya usalama 629, ili mtu asiseme tu kwamba wakala wake ni salama bali aonyeshe. Mwaka 2025, pamoja na watafiti wa Google, walipendekeza muundo walioupa jina la CaMeL. Ndani yake mmoja anapanga kazi na hasomi maneno ya wageni. Mwingine anasoma maneno ya wageni na hana mkono wa kufanya lolote. Kati yao kuna mlinzi wa kawaida, asiye na akili unde, anayefuatilia kila taarifa imetoka wapi na inaruhusiwa kwenda wapi. Ukiisoma makala hiyo baada ya kusoma za 1972 na 1975 utatambua sura za familia: sehemu zinazoshukiana na bado zinashirikiana. Gharama ipo. Wakala aliyefungwa hivyo hukamilisha kazi chache kuliko aliyeachwa huru, na hiyo ndiyo sababu kampuni nyingi hazitaki kumfunga. Baadhi ya wahadhiri wetu husema tatizo litaisha mifumo ikishakuwa na akili zaidi. Kwa heshima zote, tokeo la Fred Cohen la miaka ya 1980 linanifanya nisite kukubali.

Kilichobaki nyuma ni sheria. Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamzungumzia mtu anayeingia mahali kwa makusudi bila ruhusa. Katika kesi ya Morris mahakama iliweza kuuliza juu ya makusudi kwa sababu kulikuwa na Morris. Wakala wa duka la Namuwongo akidanganywa na ujumbe wa mteja akalipa fedha kusikostahili, makusudi ni ya nani? Ya mwenye duka aliyelala? Ya kampuni iliyo bara jingine? Ya aliyeandika ujumbe, ambaye hakugusa kompyuta yoyote bali alituma maneno tu? Swali la mama jirani linarudi kwa joho la wakili, na nadhani wanafunzi wa sheria wangelichukua kabla Bunge halijalichukua.

Mimi na wenzangu wawili tumewasilisha pendekezo la mradi wa mwaka wa mwisho. Ni mtandao mdogo wa duka, wa aina unayoikuta hapa mtaani: ruta moja, kamera mbili, kompyuta ya mauzo, simu za wafanyakazi, vyote chumba kimoja bila ukuta. Tunataka kuugawa vyumba, kisha kumweka ndani wakala wa akili unde anayesoma maagizo ya wateja na kuandaa malipo kwa wauzaji wa jumla. Anayesoma ujumbe hatakuwa na njia ya kufikia malipo. Anayelipa hatasoma ujumbe. Malipo yatakuwa na kikomo cha siku, na namba ya siri itawekwa na mwenye duka kwenye simu yake. Kumbukumbu zitaandikwa kwenye kifaa ambacho wakala hawezi kufuta kitu. Halafu tutamtumia ujumbe wa kumpotosha, mmoja baada ya mwingine, tuone unapita wapi.

Msimamizi wetu alirudisha pendekezo likiwa na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu. Umeme wa Namuwongo hukatika. Je, ukirudi saa nane za usiku, ruta na kompyuta zikijiwasha zenyewe, wakala atakuwa katika hali gani? Tuliyakumbuka mashine ya Xerox yaliyowashwa asubuhi na mnyoo ukarudi. Tumeandika kwamba abaki amezimwa mpaka mwenye duka aamke na kumwasha kwa mkono wake.